Umeme wa Jua wa Chama: Nani Atanunua Betri?



Leo sizungumzi juu ya michungwa, wala iliki, wala mkonge. Nataka tuzungumze juu ya umeme. Najua wapo watakaosema, ah, Bwana Shamba na umeme wapi na wapi? Ngojeni kidogo. Maziwa ya jioni hayana subira. Mfugaji ambaye maziwa yake yamechacha usiku hana cha kuuza asubuhi, hata kama ng'ombe wake ni wa kisasa na majani anakatiwa ya kutosha. Kwa hiyo umeme nao ni kazi ya bwana shamba.

Sisi watu wa Muheza tumeishi na umeme siku nyingi sana, ila tumeishi chini yake. Kampuni ya TANESCO ilianzishwa mwaka 1931, na katika miaka hiyo ya 1930 ndipo ulipojengwa mtambo wa kwanza wa maporomoko ya Pangani. Umeme wake ukaenda Tanga mjini na kwenye mashamba makubwa ya mkonge. Mwaka 1964 ukaja mtambo wa Hale, megawati 21. Mwaka 1995 ukaja mtambo mpya wa Pangani, megawati 68. Miaka yote hiyo nyaya kubwa zilipita juu ya minazi na mihogo yetu, na chini yake mtoto alisoma kwa koroboi, asubuhi pua nyeusi tii kwa moshi.

Siku hizi mambo yamebadilika. Serikali kwa njia ya Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, imekwisha kufikisha umeme katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Lakini kijiji ni neno pana, ndugu zangu. Nguzo hufika shuleni, hufika zahanati, hufika pale barabarani penye maduka, kisha husimama. Kitongoji kilicho ng'ambo ya korongo hubaki kinaangalia taa za wenzao. Vitongoji nchini ni zaidi ya 64,000, na hiyo ndiyo kazi inayoendelea sasa.

Watu wa vitongoji hivyo ndio wanaoniuliza: Bwana Shamba, kwa nini tusijitengenezee umeme wetu wenyewe? Jua tunalo, mito ya milimani tunayo, samadi tunayo. Tuunde chama, tununue mitambo, tugawane umeme kwa bei nafuu. Ni wazo zuri, na mimi nalipenda. Lakini hilo neno "bei nafuu" ndilo lililonileta hapa leo, maana liliwahi kunitia aibu mbele za watu.

Sitakitaja kitongoji chenyewe. Kiko upande wa Usambara Mashariki, mahali penye ng'ombe wengi wa maziwa na njia mbaya wakati wa masika. Wafugaji wa hapo walipata msaada wa mtambo mdogo wa jua mwaka 2019: paneli za kilowati 10, betri, inveta, na tangi la kupozea maziwa. Walichotakiwa wao ni kujenga kibanda, kuchimba mashimo ya nguzo na kuvuta nyaya hadi nyumba 38. Wakafanya kwa msaragambo, kwa wiki tatu tu. Mimi ndiye niliyeitwa kuwasaidia kupanga kanuni za chama.

Tulipofika kwenye bei, mzee mmoja akauliza, "Wenzetu kule barabarani wanalipa ngapi?" Nikamjibu, TANESCO hutoza shilingi 100 kwa yuniti kwa nyumba ndogo. Mkutano mzima ukasema, basi na sisi iwe 100, kwa nini tuzidiwe na wao, na jua letu ni la bure? Nami nikaandika kwenye daftari: shilingi 100. Nikapigiwa makofi.

Hapo nilikosea, na makosa yalikuwa mawili.

La kwanza ni dogo. Nilikadiria jua kwa vipimo vya pwani. Nilichukua jua la Pongwe nikalipeleka milimani, mahali ambapo asubuhi ukungu hauondoki hadi saa nne na mvua hazihesabiki. Kwa hesabu yangu kilowati 10 zingetoa yuniti 40 kwa siku. Ukichanganya kiangazi na masika, zilitoa kama 30 tu za kutumia.

La pili ndilo kubwa, na ndilo nataka mlisikilize vizuri.

Shilingi 100 ya TANESCO siyo gharama ya yuniti hiyo. Ni bei iliyopangwa kitaifa ili mwananchi wa kipato kidogo aweze kuwasha taa, nayo ni kwa nyumba isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi. Ukipita hapo unahesabiwa kundi jingine. Mnaonunua LUKU mnajua wenyewe: mwenye kundi la chini akinunua wa 10,000 hupata yuniti kama 82, na mwenye kundi la matumizi ya kawaida, dukani au kiwandani kidogo, hupata 28 kwa pesa hiyo hiyo. Anayelipa zaidi anambeba anayelipa kidogo. Nyuma yao yako mabwawa makubwa ya Taifa, pamoja na lile la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115, na wateja mamilioni wa kugawana mzigo. TANESCO ina mabega mengi. Chama cha nyumba 38 kina mabega 38.

Hebu chukueni kalamu, tuhesabu pamoja. Hizi ni tarakimu za mfano wa chama kile, msiende nazo dukani mkadhani ndizo bei za leo.

Paneli walipewa, hatuzihesabu. Betri za aina ile ya maji ya asidi, zikitunzwa vizuri, huenda miaka 4 hivi. Seti nzima ilikuwa ya shilingi milioni 12. Gawanya kwa miaka 4, ni milioni 3 kwa mwaka, yaani 250,000 kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika. Mlinzi na kijana wa kuangalia mtambo, wote wawili 150,000 kwa mwezi. Matengenezo madogo, nauli ya fundi, maji ya betri, fyuzi, 50,000. Jumla 450,000 kwa mwezi.

Sasa upande wa mauzo. Yuniti 30 kwa siku ni yuniti 900 kwa mwezi. Kwa shilingi 100, tunapata 90,000. Mnaona? Hata mlinzi na kijana wake hawakulipika. Kila mwezi pengo la 360,000, na kwa kuwa hakuna betri iliyokufa, hakuna aliyeliona. Mweka hazina aliziba mshahara kutoka kwenye pesa ya maziwa, na ile sehemu ya betri haikuwekwa kabisa. Miaka mitatu ya pengo hilo ni karibu milioni 13. Ndiyo betri yenyewe hiyo, na chenji.

Tena bei ile ndogo ilifanya jambo jingine ambalo sikulitazamia. Iliwafundisha watu kutumia usiku. Umeme ukiwa rahisi, mtu hupiga pasi saa mbili usiku, huwasha televisheni hadi alfajiri, na mwenye friji huiacha ikinguruma. Mchana, jua lipo juu, paneli zimejaa nguvu, na hakuna mtu nyumbani. Wote wako shambani. Basi betri zikawa zinakamuliwa hadi mwisho kila usiku, kama ng'ombe anayekamuliwa hadi damu. Betri ya asidi haistahimili hivyo. Hazikufika miaka 4. Masika ya mwaka 2022, ukungu siku tisa mfululizo, zikafa.

Nilifika asubuhi ya siku ya pili. Maziwa ya jioni, zaidi ya lita 200, yalikuwa yamegandia ndani ya tangi, na gari la kukusanya maziwa liliyakataa, na dereva alikuwa na haki. Wanawake waliyachota kwa ndoo kupeleka kwa nguruwe na mbwa wa jirani. Hakuna aliyenitukana. Bibi mmoja mjane, mwenye ng'ombe mmoja tu, alisimama na ndoo yake akanitazama, akaniuliza, "Bwana Shamba mwanangu, lile jua la bure limekwenda wapi?"

Kitongoji kilikaa gizani miezi minane.

Katika miezi hiyo nilisoma na kuulizauliza juu ya wenzetu waliotutangulia, maana nilidhani sisi ndio wa kwanza, kumbe siyo. Mwaka 1994 watu wa Urambo, mkoa wa Tabora, walianzisha ushirika wa watumiaji wa umeme. Walitumia jenereta za dizeli, umeme ukiwaka saa chache za jioni. Wanachama wenyewe walipanga bei katika mikutano yao, na bei hiyo ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile ya TANESCO. Utadhani watu walikimbia. Hapana. Walianza wateja 67, na ilipofika mwaka 2002 walikuwa wamepita 200. Mtu alilipa kwa sababu umeme uliwaka kweli, na kwa sababu bei aliipigia kura yeye.

Lakini msije mkadhani kila bei kubwa ni ya haki. Kule visiwa vya Ziwa Victoria, upande wa Ukerewe, kampuni binafsi zilijenga mitambo ya jua kwa fedha za mikopo na za wawekezaji, nazo zilitaka fedha hizo zirudi. Yuniti moja ikapita shilingi 2,000. Wananchi wakalalamika, na mwaka 2020 Serikali ikaagiza bei ishushwe iwe 100 kama ya TANESCO. Mtumiaji akapumua. Mwenye mtambo naye akabaki na gharama zile zile, na betri zake zinazeeka siku kwa siku kama zetu. Mimi sina neno na agizo lile. Mvuvi wa kisiwani naye ni Mtanzania, kwa nini alipe mara ishirini? Ila agizo linaweza kushusha bei, haliwezi kushusha gharama. Tofauti iliyo katikati lazima mtu ailipe: ama Serikali, ama mwekezaji, ama betri.

Nikatazama pia waliofanikiwa kuliko wote, nikaona wana jambo moja la kufanana. Kule Mwenga, Mufindi, mtambo wa maji wa megawati 4 ulioanza mwaka 2012 ulipeleka umeme kiwanda cha chai, na vijijini, na mwingine ukauzwa TANESCO. Hapa jirani, Hale, mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa gesi ya mabaki ya mkonge. Mnajua jani la mkonge, uzi ni kama sehemu 4 tu katika 100; yote mengine ni maji na makapi, na zamani yalitupwa yakanuka hadi mtoni. Makapi hayo yakaozeshwa kwenye tangi, gesi ikazungusha jenereta ya kilowati 150, na shamba lenyewe ndilo lililokuwa mteja wa kwanza, mashine zake zikitumia umeme huo. Kumbe siri ni hiyo. Awepo mteja wa mchana, mwenye kazi ya kila siku, anayetumia umeme wakati unapotoka. Taa za nyumbani zije nyuma yake.

Turudi kwenye hesabu yetu kuona sababu. Gharama 450,000 haipungui ukiuza kidogo. Ukiuza yuniti 900, kila moja yakugharimu 500. Ukiuza nusu yake, 450, kila moja inakuwa 1,000. Umeme ambao haukutumika mchana betri zikiwa zimejaa umepotea, kama maji ya mvua yaliyopita juu ya pipa lililojaa. Kwa hiyo njia ya kwanza ya kumpunguzia mwanachama mzigo ni kuhakikisha hakuna yuniti ya mchana inayomwagika. Kukata bei ni jambo la baadaye.

Basi mkutano ukaitwa tena, chini ya mwembe wa shule. Safari hii nilikuja na tarakimu, nikaziandika ubaoni kwa chaki, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Nikasema, kosa lilikuwa langu, na bei ya kweli ni 500 kwa kila mtu. Kelele zikawa nyingi. Mwenyekiti, ambaye ndiye mwenye friji na mkewe anauza barafu na sharubati, alikuwa wa kwanza kukubali. Nikashangaa, huyu mbona kakubali upesi?

Yule bibi mjane akaomba nafasi. Akasema, "Mimi nina taa mbili na redio, na simu ya mjukuu. Nalala saa tatu. Betri zimekufa kwa friji, siyo kwa taa zangu. Kwa nini mimi na mwenye friji bei moja?"

Watu wakacheka, mwenyekiti akainama. Lakini ndugu zangu, neno lile lilikuwa la mhandisi. Anayetumia usiku ndiye anayechakaza betri, na katika kila 450,000, betri ni 250,000. Tukafuta ubao tukaanza upya, na tulikaa hadi saa kumi na mbili jioni, kina mama wakiondoka kukamua na kurudi.

Nitawasomea tulivyopanga. Sisemi nanyi mpange hivyo hivyo, ila mwone namna inavyofanyika. Nyumba 38 hutumia kwa wastani yuniti 6 kila moja kwa mwezi. Tukasema yuniti 3 za kwanza ni shilingi 300, hiyo inatosha taa mbili zile za matumizi madogo, redio na simu. Zinazozidi 3 ni shilingi 700. Nyumba zote pamoja zitaleta 114,000. Tangi la maziwa hupoza karibu lita 500 kwa siku na hula yuniti kama 13, yaani 390 kwa mwezi; tukalipangia 450, likaleta 175,500. Pampu ya maji tukaipangia hiyo hiyo 450, kwa sharti iwashwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri tu. Yuniti zake 180 zinaleta 81,000. Duka, kinyozi na friji ya biashara, 800; yuniti 102, ni 81,600. Jumlisheni wenyewe. Nitangoja.

Ni 452,100. Tuliyohitaji ni 450,000. Zikabaki 2,100, mweka hazina akasema hiyo ni ya daftari na kalamu.

Bibi analipa shilingi 900 kwa mwezi. Zamani alilipa 300, kwa hiyo amepandishiwa, na nilimwambia hivyo bila kumficha. Akanijibu kwamba mafuta ya taa ya miezi minane ya giza yalimgharimu zaidi, na macho pia. Maziwa nayo yamebeba shilingi 12 hivi kwa kila lita kwa ajili ya kupozwa. Wapo waliosema 12 ni nyingi. Nikawauliza, lita iliyomwagwa ni shilingi ngapi?

Betri mpya hazikushuka kutoka mbinguni. Chama kiliuza mitamba yake miwili, wanachama wakachanga, na iliyobaki wakakopa kwenye SACCOS. Hadi leo wanakatwa kidogo kwenye maziwa. Ule mkopo ndio gharama ya shilingi 100 yangu, nami kila nikiona karatasi ya makato najisikia vibaya.

Yako mambo matatu manne ya utendaji niyataje haraka. Akaunti ya betri iwe peke yake, isichanganywe na ya maziwa, na watia saini wawe watatu, mmoja wao awe mwanachama mdogo asiye na biashara. Tangi la maziwa mkiweza lipateni lile linalotengeneza barafu mchana, likapoza maziwa ya jioni kwa barafu hiyo bila kugusa betri. Mashine ya kusaga msiifunge kwenye mtambo mdogo kama huu; mota ya farasi kumi inapoanza huvuta mkupuo mmoja na kijiji kizima kinazimika. Iacheni na dizeli yake. Wakati wa masika pangeni zamu mapema: maziwa kwanza, taa pili, mengine yangoje. Na kabla ya kumuuzia jirani hata yuniti moja, nendeni mkaulize EWURA na halmashauri kanuni zinasemaje juu ya mtambo wa ukubwa wenu.

Sasa liko swali ambalo huulizwa kila mahali: je, nguzo za TANESCO zikifika, tutafanyaje? Hili msilikwepe. Nyumba itakayounganishwa italipa kama shilingi 122 kwa yuniti, pamoja na kodi na makato, mahali pa 300 na 700. Hakuna mwanachama atakayebaki kwa mapenzi, na wala msimlaumu. Mimi pia ningeondoka. Mkibaki na bei ya chama na wateja wamekwenda, gharama zote zitamwangukia aliyebaki, na mara nyingi aliyebaki ni yule aliyekosa pesa ya kuunganishiwa na kutandaza nyaya ndani ya nyumba.

Kwa hiyo, mwaka wa kununua betri, kabla hamjatoa pesa, nendeni ofisi ya TANESCO ya wilaya mkaulize mpango wa vitongoji unafika kwenu lini. Kama ni mwaka huu au ujao, msinunue seti nzima. Nunueni za kuvusha maziwa tu. Nguzo zikifika, taa za nyumba ziende TANESCO, lakini paneli msiziuze kwa bei ya kutupa kama wengine walivyofanya. Tangi la maziwa litaingia kundi la kawaida, ambalo pamoja na kodi ni kama shilingi 356 kwa yuniti. Hapo mchana litumie jua, ambalo bila betri gharama yake ni ndogo, na usiku na siku za ukungu litumie TANESCO. Pampu ibaki kwenye jua moja kwa moja. Betri mtakuwa hamzihitaji tena, na ile 250,000 ya kila mwezi mtakuwa mmeitua.

Kule kitongojini nguzo zimeonekana upande wa pili wa korongo. Zimelazwa chini, bado hazijasimamishwa. Nilipopita mara ya mwisho, mweka hazina alinionyesha kitabu cha akaunti ya betri, mwezi kwa mwezi, hakuna mwezi uliorukwa. Mwenyekiti sasa huigandisha barafu yake mchana na kuizima friji saa moja jioni. Anasema barafu inakaa hadi asubuhi akiifunika kwa gunia. Bibi alikuwa ameketi barazani na redio yake, akanikaribisha chai ya maziwa, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake, kwamba umeme wa chama ukiisha, ile pesa ya betri iliyowekwa ni ya nani? Tumeliweka kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao.

Wenye vyama vya namna hii, au wanaotaka kuanzisha, andikeni barua mkitaja kitongoji chenu, idadi ya nyumba, na lita za maziwa kwa siku, nasi tutawasaidia kupiga hesabu. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya michungwa inayokauka kuanzia nchani. Kwa leo muda wetu umekwisha. Kwaherini.